Unarudi Kwenu Kufundisha? Mwongozo wa Mwalimu wa Kujitolea Mkoani Mwanza

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kwao ni Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa au Ukerewe, lakini yeye mwenyewe amekulia Dar es Salaam, Nairobi, Toronto au kwingineko, na sasa anataka kurudi akafundishe bila mshahara. Pengine una cheti cha ualimu na unasubiri ajira. Pengine umestaafu na nguvu bado unazo. Pengine ni mtoto wa ughaibuni ambaye Kiswahili chako kinaishia kwenye salamu na majina ya vyakula. Wote mnahitajika, ila hamtapangiwa kazi moja.

Kabla ya hatua yoyote, jua hili: shule ya kijijini kwenu ina milango miwili, wa ofisi na wa ukoo, na yote miwili lazima ubishe hodi. Anayepitia kwa ukoo peke yake huonekana mjukuu aliyekuja likizo. Siku mkaguzi akitokea, mwalimu mkuu hana karatasi ya kumwonyesha. Anayepitia ofisini peke yake hupewa kipindi na chaki, halafu anashangaa mbona wazazi wanamkwepa njiani. Kibaya zaidi ni kutumia mlango mmoja kufungulia mwingine, yaani kumtuma babu akakuombee nafasi kwa mwalimu mkuu, au kutaka mtendaji wa kijiji akuamulie ugomvi wa ndugu.

Hatua ya 1: Panga kwa mihula

Mwaka wa shule huanza Januari. Muhula wa kwanza huishia mwanzoni mwa Juni, wa pili huanza Julai na kwisha Desemba. Jitolee muhula mzima au usijitolee. Mwalimu wa wiki tatu huvuruga ratiba, huanzisha mada asizozimaliza, na akiondoka mwenye somo analazimika kurudi nyuma. Kama una wiki tatu tu, njoo usalimie ndugu, nunua boksi la chaki, lifikishe shuleni. Hilo litathaminiwa kuliko vipindi vyako.

Ukiwa na uchaguzi, njoo Julai. Januari shule zinapokea darasa la kwanza na kidato cha kwanza, walimu wanahangaika na madawati na sare, hakuna mwenye muda wa kukuelekeza. Julai ratiba imeshatulia. Isitoshe darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, na miezi miwili kabla yake shule nyingi huwa na vipindi vya ziada, na mwalimu wa kuazima hushukuriwa sana.

Hatua ya 2: Jua wewe ni nani kisheria

Mwenye kitambulisho cha taifa (NIDA) apite, hapa hapamhusu. Wa ughaibuni soma vizuri. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukishika pasipoti ya Kanada au Uingereza, kisheria wewe ni mgeni, hata kama makaburi ya babu zako yako Kayenze. Viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi, na kujitolea kunahesabiwa kuwa kazi. Anayejitolea huhitaji kibali cha ukaazi daraja C, na maombi yake hupitia taasisi inayokupokea, kwa hiyo utahitaji shirika, kanisa au taasisi iliyosajiliwa ya kukusimamia. Habari za hadhi maalumu kwa wana diaspora ziulize ubalozini kabla hujakata tiketi.

Tahadhari na wakala wa ughaibuni wanaotoza maelfu ya dola ili "wakuunganishe" na shule. Wewe una shangazi wa kukuunganisha. Fedha hiyo ingetosha kukulisha muhula mzima na chenji ikabaki.

Hatua ya 3: Uliza nani yupo tayari

Hatua hii karibu kila mtu huiruka, nami naona ndiyo inayoonyesha kama mtu amekuja kusaidia au kujisaidia. Walimu wengi wanaojitolea vijijini ni vijana wa hapohapo waliohitimu ualimu na wanasubiri ajira. Shule nyingine huwapa posho ndogo inayotokana na makubaliano ya kikao cha wazazi. Sasa fikiria umekuja wewe, una akiba yako, unafundisha bure kabisa. Kikao kijacho mzazi mmoja atasimama: "Kama yule wa Dar anafundisha bure, huyu tunamchangia wa nini?" Na kijana aliyekuwa anaishi kwa posho hiyo atarudi kwao kuchoma mkaa.

Kwa hiyo mpigie mwalimu mkuu kabla ya kuandika chochote. Muulize ni somo gani halina mtu. Mara nyingi utaambiwa Hisabati, Sayansi au Kiingereza, na kwa sekondari Fizikia. Chukua pengo lililo wazi, usiguse vipindi vya kijana aliyekutangulia. Akikuuliza mtu kuhusu posho yake, jibu ni moja: yake iendelee.

Hatua ya 4: Barua

Shule za serikali, msingi na sekondari, zinasimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Maombi yako yanakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na atakayeyashughulikia ni Afisa Elimu Msingi au Afisa Elimu Sekondari. Usiipeleke moja kwa moja wilayani ukadhani umeokoa muda. Ipitishe kwa mwalimu mkuu (sekondari anaitwa mkuu wa shule) na Afisa Elimu Kata, kila mmoja agonge muhuri. Iwe fupi, namna hii (K.K. ni "kupitia kwa"):

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Magu.
K.K. Afisa Elimu Kata,
K.K. Mwalimu Mkuu.

YAH: MAOMBI YA KUJITOLEA KUFUNDISHA HISABATI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhitimu wa stashahada ya ualimu, na familia yangu ni wenyeji wa kijiji hiki. Naomba kujitolea kufundisha Hisabati darasa la tano na la sita kwa muhula wote wa pili, kuanzia Julai hadi Desemba. Nitajitegemea kwa chakula, malazi na usafiri. Natambua kwamba kujitolea huku si ahadi ya ajira wala hakupunguzi nafasi ya mwalimu mwingine yeyote aliyepo. Naambatisha nakala za vyeti, kitambulisho, na barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kijiji.

Sentensi ya kujitegemea usiisahau. Afisa elimu akisoma barua ya mtu wa kujitolea, hofu yake ya kwanza ni kwamba baada ya mwezi mtu huyo atakuja kudai nyumba na nauli. Chapisha nakala tatu, na moja igongwe "imepokelewa" ubaki nayo.

Kama huna cheti cha ualimu, sema wazi. Usijiandike mwalimu. Omba kusaidia maktaba, somo la kompyuta, michezo, au kukaa na kikundi cha watoto wanaochelewa kusoma, chini ya mwalimu wa darasa. Kazi hizo zipo na hazina watu.

Hatua ya 5: Mlango wa ukoo

Fika nyumbani kabla ya kufika shuleni, hata kama ni kwa siku mbili. Usiende mikono mitupu: sukari, majani ya chai, sabuni za mche, na kitenge cha bibi vinatosha. Zawadi kubwa siku ya kwanza inapandisha matarajio ambayo hutayaweza siku ya thelathini.

Salamu zina uzito wake. Shikamoo ndiyo msingi, lakini kwa mzee wa Kisukuma ukianza na "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" jioni, hata kama lafudhi yako inachekesha, uso unafunguka. Ukerewe na Ukara mambo ni mengine, huko kuna Kikerewe, Kijita na Kikara, kwa hiyo muulize shangazi yako akufundishe salamu za kwenu hasa. Baada ya salamu kinafuata kile ambacho wengine hukiona kama mahojiano ya uhamiaji: wewe ni wa nani? Usitaje jina lako, halimsaidii mtu. Taja la babu na kazi aliyojulikana nayo. "Mimi ni mjukuu wa mzee Fulani, yule aliyekuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi enzi za pamba." Wazee watamjadili babu yako kwa nusu saa, wewe ukiwa umekaa tu. Kaa. Hapo ndipo unaandikishwa kijijini.

Sasa jambo ambalo hakuna atakayekuuliza usoni: umefuata shamba? Baba yako aliondoka miaka ya themanini, eneo lake limelimwa na baba yako mdogo tangu wakati huo, leo unatokea wewe na begi. Hata ukisema umekuja kufundisha, usiku watu watahesabu mipaka. Lizungumze mwenyewe, mapema, mbele ya wazee: umekuja kufundisha hadi Desemba, habari za mashamba hazikukuleta. Kisha lifuate hilo neno. Miezi ile usiulize mpaka uko wapi, usipige picha mwembe wa babu kwenye kona ya shamba, usimlete fundi apime kitu chochote. Kama kweli una dai la ardhi, lina msimu wake na lina baraza lake, na lisichanganywe na ualimu.

Halafu maombi ya fedha. Yatakuja, na si kwa ubaya. Wewe ni mtu wa mjini, na mtu wa mjini anazo. Mchague mtu mmoja wa ukoo, shangazi mwenye kauli au baba mdogo anayeheshimiwa, umweleze hali yako halisi: sina mshahara, nina kiasi hiki tu kwa mwezi. Yeye ndiye atakayewaambia wengine "mwacheni mtoto". Ukikataa mwenyewe unaonekana mchoyo, ila akikukatalia shangazi yamekwisha. Rambirambi, lakini, usikwepe hata moja. Msibani nenda, toa kidogo, kaa chini na wenzako.

Ndugu zako watakuwa darasani kwako. Mtoto wa binamu atakuita "baba mdogo" mbele ya wenzake wote. Mwambie nyumbani, kwa upole, kwamba shuleni wewe ni mwalimu. Kwenye mitihani omba mwalimu mwingine asahihishe karatasi za watoto wa ukoo wako. Watu wanaangalia, na wa kwanza kuangalia ni ukoo wa jirani.

Hatua ya 6: Pa kulala na njia ya kufika

Maoni yangu: usikae kwa babu muhula mzima. Hutaandaa somo. Kila jioni kuna wageni, na kumwacha mgeni ukaingia ndani kusahihisha madaftari ni utovu wa adabu. Lakini kukataa kulala kwa babu nako ni tusi. Njia ya kati ni kulala kwake wiki ya kwanza, kisha kuhamia chumba karibu na shule kwa sababu isiyo na ubishi, kwamba mwalimu lazima awepo kabla ya kengele ya asubuhi. Babu mwenyewe ndiye atangaze kwamba "tumemtafutia chumba". Jumamosi na Jumapili rudi kwake.

Usafiri umerahisishwa. Wa Sengerema na Buchosa tangu Juni 2025 wanapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. Magari ya Magu na Musoma yapo stendi ya Nyamhongolo, ya kusini yapo Nyegezi, na kutoka barabara kuu utamalizia kwa mchomoko (gari dogo la abiria) au bodaboda. Ukerewe kuna meli za kutoka Mwanza mjini hadi Nansio, au unazunguka kwa barabara kupitia Bunda na kuvuka Kisorya hadi Rugezi.

Kwenye maji usiwe na aibu ya kushuka. MV Nyerere, kivuko cha huko, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imekaribia gati la Ukara, imejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 walikufa. Mtumbwi wa injini ukijaa, subiri unaofuata. Laifu jaketi livae, usilikalie.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza kaa nyuma

Siku ya kwanza utatambulishwa mstarini. Sema jina, somo, na kwamba umefurahi. Hotuba ya mafanikio yako Ulaya iache.

Wiki nzima kaa dawati la nyuma kwenye vipindi vya wenzako. Jifunze kengele (mara nyingi ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini), zamu, viranja, nani anagawa uji kama upo. Mfuate mwalimu wa taaluma akuonyeshe azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) na namna wanavyoandika andalio la somo, maana lako litakaguliwa kama la mwalimu yeyote. Muulize pia darasa lipi linatumia vitabu vipi: mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awamu, na kwenye kabati moja utakuta vya zamani na vipya vimelala pamoja. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure; pakua ukiwa mjini, kijijini mtandao unakuja na kuondoka.

Ofisini usiketi kwenye kiti kabla hujaonyeshwa. Viti vina wenyewe.

Hatua ya 8: Darasa la watoto mia

Utaingia utakute watoto mia na zaidi, wanne kwenye dawati la wawili, wengine sakafuni. Mbinu ulizozisoma za darasa la watoto ishirini na tano ziweke pembeni.

Kwanza ubao. Andika herufi kubwa, simama ukutani nyuma ya darasa uhakikishe unajisomea mwenyewe. Gawa ubao sehemu mbili. Kushoto mfano unabaki kipindi kizima, kulia unafuta. Watoto wengi hawana kitabu, mfano wa kushoto ndio kitabu chao.

Pili madaftari. Ukijaribu kusahihisha mia kwa siku utatia vema bila kusoma. Gawa darasa mafungu matano, kila siku ya wiki sahihisha fungu moja kwa makini, mengine yasahihishwe kwa kubadilishana huku ukipita. Kufikia Ijumaa kila mtoto amesomwa na macho yako mara moja.

Tatu vifaa. Vizibo vya soda, punje za mahindi, kokoto, kamba ya kupimia. Watoto wenyewe wataleta ndoo nzima ukiomba leo.

Nne, na hapa ndipo mtoto wa kwao anamzidi mgeni, tumia hesabu ambazo watoto tayari wanazifanya. Pwani ya ziwa mtoto wa darasa la tano anajua biashara ya dagaa kuliko wewe. Mpe hii: mtumbwi umeuza dagaa wa shilingi 240,000, petroli imekula 60,000, chakula 20,000, kinachobaki tajiri anachukua nusu, nusu nyingine wavuvi wanne wanagawana. Kila mvuvi anapata ngapi? Utaona vidole vinavyonyooka. Ukigawa kabla ya kutoa petroli, kuna kijana nyuma kule, aliyekuwa amesinzia, ataamka na kusema, "Mwalimu, mafuta kwanza." Kutoka hapo sehemu na asilimia zinaingia bila kusukumwa. Kwimba na Misungwi badilisha iwe magunia ya mpunga, sado na debe. Ugawaji hutofautiana mwalo hadi mwalo (mwalo ni pale mitumbwi inaposhushia samaki), kwa hiyo waulize wao wanagawaje kabla ya kuandika swali.

Madarasa ya chini lugha ndiyo kazi. Mtoto wa darasa la kwanza ndani huko Usukumani anaweza kuwa na Kisukuma tu. Kiswahili kwake ni lugha ya pili anayokutana nayo siku ileile anayokutana na penseli. Usimcheke, na usidhani ni mzito. Akiandika "rafiki" kuwa "lafiki", kwa l ileile ya "kulala", ni sikio linalosikia sauti hizo kama moja. Mzoeshe kwa jozi za maneno, kura na kula, mahari na mahali, mdomoni kwanza, daftarini baadaye. Kama Kisukuma unakijua hata cha kuombea maji, kitumie kumtuliza.

Sekondari masomo ni kwa Kiingereza, na kidato cha kwanza wengi hukutana na ukuta. Mtoto wa ughaibuni ndipo anapofaa sana hapa, kwa sharti moja: punguza mwendo. Kiingereza chako cha haraka ni kelele kwao. Waache wajadili swali kwa Kiswahili kwenye vikundi, wakishalielewa waandike jibu kwa Kiingereza, kila msamiati mpya ukiwa ubaoni.

Hatua ya 9: Hesabu giza na mpunga

Mahudhurio yatakuchanganya usipojua sababu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa zinavuta dagaa vizuri pale mbalamwezi haipo. Vijiji vya mwaloni vinaishi kwa kalenda hiyo: siku za giza ni za kazi, siku za mbalamwezi mitumbwi imepumzika. Asubuhi ya giza dagaa wanatakiwa kuanikwa mara moja kabla jua halijapotea, na mikono ya kuanika ni ya akina mama na watoto. Kwa hiyo usishangae safu ya mbele ikiwa tupu wiki nzima kisha ikajaa ghafla.

Unachoweza kufanya ni kuangalia mwezi unapopanga wiki zako. Mada mpya zianze mbalamwezi. Giza liwe la marudio na mazoezi, ili aliyekosa asikose msingi. Zungumza na mwenyekiti wa kitongoji na akina mama wa mwaloni waruhusu watoto waingie hata kama ni kwa kipindi cha tatu. Kufoka hakusaidii, ile ndiyo fedha ya daftari.

Ndani zaidi ni mpunga unapoanza kutoa masuke, watoto wanakwenda kuamia ndege. Siku ya gulio nayo ina upungufu wake, na wavulana wa ng'ombe wana zamu zao. Weka daftari dogo la sababu za utoro kwa mwezi wa kwanza. Mwalimu mkuu atalihitaji kwenye kikao cha wazazi kuliko takwimu za ofisini.

Hatua ya 10: Usifanye

Usichape. Kanuni za adhabu ya viboko zinampa mamlaka mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, si zaidi ya viboko vinne, na kuandikwa kitabuni. Wewe wa kujitolea huna mamlaka hayo. Wenzako wakikuambia "hawa bila fimbo hawaendi", usibishane ofisini. Chukua kipindi chako uende nacho bila fimbo.

Usikae na mwanafunzi peke yako, hasa mwalimu wa kiume na wasichana. Masomo ya ziada yawe darasani, mlango wazi, wakiwa wengi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito. Hata tetesi tu itakumaliza, itamaliza na jina la babu. Na ukikutana na binti aliyerudi shule baada ya kujifungua, jua kwamba tangu Novemba 2021 ana haki ya kuwepo pale. Mfundishe kama wengine.

Usiweke picha za watoto mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na heshima ilikuwepo kabla yake. Mtoto aliyechanikiwa sare hakuomba awe sura ya harambee yako.

Usiahidi. "Nitaangalia" kijijini ni ahadi. Ukisema utaangalia habari za madawati, mwakani utaulizwa yako wapi.

Hatua ya 11: Mwili wako

Lala kwenye chandarua, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Ziwa ni zuri kulitazama lakini lina kichocho. Usioge wala usitembee majini kandokando penye majani, wanamokaa konokono wanaokibeba. Kama uliingia, kapime hata kama huumwi, dawa ipo zahanati. Kuna mialo yenye mamba, waulize wavuvi, wao wanajua wapi. Maji ya kunywa chemsha. Chakula hakitakusumbua: sato, furu, ugali wa muhogo, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa). Utaongezeka kilo.

Kama uko Mwanza mwezi Juni, kabla ya muhula wa pili, pita Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ngoma za sikukuu ya Bulabo zikiwa zinachezwa na vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindana. Ukirudi kijijini utakuwa na la kuzungumza na wazee wanaokumbuka ukoo wenu ulicheza upande gani.

Hatua ya 12: Kuondoka

Aga wiki mbili kabla, usiage Ijumaa ya mwisho. Alama zote ziwe kwenye kitabu cha shule kwa kalamu, zisibaki kwenye kompyuta yako. Andika ukurasa mmoja: mada zilizokamilika, zilizobaki, watoto gani wanahitaji jicho. Mkabidhi mwalimu atakayerithi somo, mkiwa mmekaa pamoja, si kumwachia mezani. Vitabu na vifaa ulivyoleta viingizwe kwenye leja ya shule kabla hujapanda gari. Kisichoandikwa huwa cha mtu.

Omba kwa mwalimu mkuu barua inayosema ulifundisha nini na lini, nakala iende halmashauri. Kama unasubiri ajira barua hiyo ni mali. Nyumbani utapewa kuku. Mpokee, akiwa hai, hata kama unakwenda uwanja wa ndege. Shangazi wa mjini atajua la kumfanya.

Na ukitaka kuendelea kusaidia ukiwa mbali, tuma karatasi, chaki au fedha ya mtihani wa majaribio kupitia akaunti ya shule, upewe stakabadhi, na mwenyekiti wa kamati ya shule ajulishwe. Usimtumie binamu kwa simu ili apeleke. Hata kama ni mwaminifu, siku chaki ikipungua atalaumiwa yeye, na Desemba ukirudi utakuta kesi mbili, moja ofisini na moja kwa babu.